Maumivu ya Kiuno Yashukayo Mguuni
Asili yake, tiba yake, na hadhari kwa mwenye imani

Afya ni amana miongoni mwa amana alizopewa mwanadamu na Muumba wake, na mwenye kupewa amana hana budi kuijua ili aweze kuitunza. Katika somo hili tunakusudia kueleza, kwa lugha nyepesi, maradhi yanayowasumbua watu wengi sana lakini asili yake yafahamika na wachache. Nayo ni maumivu ya kiuno, hasa yale yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni na nyuma ya paja, hata yakafika unyayoni. Madaktari huyaita siatika. Waarabu wa zamani waliyaita irku-nnasaa, na Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliyashughulikia katika maandiko yake ya utabibu.

Mtu asidhani kwamba maumivu haya ni ya kijiji fulani au ya kabila fulani. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi zaidi washindwe na kazi zao. Tajiri wa London anayeketi ofisini kutwa nzima anayo, na mkulima wa Usukuma anayo vilevile.

Nkoma na kazi za mgongo

Tuchukue mfano wa Nkoma, kata iliyomo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012 sehemu hizo zilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba na Desemba, mkulima hupanda mbegu. Kisha huja palizi, naye huinama na jembe lake tangu alfajiri. Baada ya hapo hubeba mgongoni bomba la kunyunyizia dawa, ambalo likijaa uzito wake hupita kilo 15. Kufika Mei au Juni pamba hupasuka, na wavunaji huinama tena, mche baada ya mche, kwa majuma mengi.

Tena tusiwasahau kina mama. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mama huinyanyua kutoka chini hadi kichwani, huenda mwendo mrefu, kisha huishusha. Na huenda mgongoni yumo mtoto. Vijana nao huendesha pikipiki za abiria katika njia zenye mashimo, na kila shimo ni pigo katika uti wa mgongo. Basi si ajabu kwamba mahali kama hapo wagonjwa wa kiuno ni wengi. Ajabu ingekuwa kutowaona.

Mwili ulivyoumbwa

Uti wa mgongo ni mfululizo wa mifupa midogo iitwayo pingili, moja juu ya nyingine. Pingili za kiuno ni tano, nazo ndizo kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndizo zibebazo uzito mwingi. Baina ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu, na visahani hivyo ni 23 kwa jumla. Kila kimoja ni mfano wa tunda: nje pana ganda gumu lililosukwa kwa nyuzi imara, na ndani mna ute mzito ulio laini. Kazi yake ni kupunguza mishindo na kuuwezesha mgongo kupinda.

Kutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo hutoka mizizi mitano ya mishipa ya fahamu, ikaungana na kuwa mshipa mmoja mnene, karibu na unene wa kidole. Huu ndio mshipa wa fahamu mkubwa kuliko yote mwilini. Hupita nyuma ya nyonga, hushuka nyuma ya paja, na chini ya goti matawi yake huenea hadi vidoleni.

Sasa, mtu akiinama na kubeba miaka mingi, au kwa kuchakaa tu kwa umri, ganda la kisahani huweza kupasuka, na ute ukatoka ukaugusa mzizi wa mshipa. Mzizi huo ukibanwa na kuwaka, maumivu husikika kote unakopita mshipa. Ndiyo maana mguu huuma, hali mguu wenyewe hauna jeraha lolote. Domenico Cotugno, tabibu wa Napoli nchini Italia, aliandika mwaka 1764 kwamba maumivu haya ni ya mshipa wa fahamu, wala si ya kiungo cha nyonga. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliuonyesha ulimwengu kwamba kisahani kilichopasuka ndicho mara nyingi kinachoubana mshipa huo.

Ni lazima tueleze pia kwamba si kila kiuno kiumacho kina siatika. Wagonjwa walio wengi huumwa kiunoni tu, kwa misuli na viungo kuchoka au kuteguka, na mguu hausikii kitu. Wala kiuno kuuma si dalili ya figo kuharibika, kama wengi wanavyoogopa.

Je, ni uchawi?

Hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Mtu hulala mzima. Alfajiri huamka, na anapokanyaga chini, mguu wote unawaka kama umechomwa moto. Hakuanguka, hakupigwa, na ukiutazama mguu huoni kitu. Hapo huanza minong'ono: "Amekanyaga dawa. Ametegwa njiani." Kisha hutafutwa mpiga ramli, na mpiga ramli haachi kumtaja mtu. Mara nyingi mtu huyo ni bibi kizee, mjane asiye na mtetezi, mwenye macho mekundu. Na macho yake ni mekundu kwa sababu amepika miaka hamsini katika moshi wa kuni na samadi.

Hili si jambo la mzaha. Kwa hesabu za serikali, baina ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Hatusemi kwamba chanzo cha yote kilikuwa kiuno. Lakini kila ugonjwa ambao haukueleweka ulikuwa mlango wa kuingilia tuhuma, na maumivu yanayoanza ghafla katika mguu usio na jeraha ni miongoni mwa milango iliyo mipana. Basi kuujua ugonjwa huu si elimu ya kumfaa mgonjwa peke yake, bali pia ni kinga ya damu ya jirani yake.

Mtu anaweza kuuliza: Mwajuaje kwamba si uchawi?

Jibu: Kwanza, maumivu haya yana ramani. Ukibanwa mzizi utokao chini ya pingili ya tano ya kiuno, ganzi huja juu ya unyayo na kwenye kidole gumba. Ukibanwa mzizi unaofuata, ganzi huja ukingoni mwa unyayo, upande wa kidole kidogo. Ramani hiyo ni ile ile Nkoma, Maskati na Chicago. Pili, mgonjwa akilala chali na mguu wake ukainuliwa ukiwa umenyooka, maumivu huzidi, kwa kuwa mshipa umevutwa. Akikunja goti, hupungua. Tatu, akikohoa au kupiga chafya huumia zaidi, kwa kuwa msukumo huongezeka ndani ya uti wa mgongo. Je, uchawi hufuata njia ya mshipa mmoja, ukazidi kwa chafya na kupungua kwa kukunja goti?

Huenda mtu akauliza tena: Mbona Fulani alikwenda kwa mganga, akachinja mbuzi, akapona?

Jibu: Swali hili ni zuri, na jibu lake lafaa kukumbukwa. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa 183 wa siatika. Nusu yao waliamriwa kulala kitandani majuma mawili, na nusu nyingine waliachwa waendelee na shughuli zao kadiri walivyoweza. Baada ya majuma 12, wagonjwa 87 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu, nao walikuwa sawa katika makundi yote mawili. Yaani mwili wenyewe, kwa uwezo aliouwekea Muumba, huushughulikia ute uliotoka, ukaunyonya kidogo kidogo, na mshipa ukatulia. Mgonjwa huyu angekwenda kwa mganga juma la tatu, angepona. Asingekwenda, pia angepona. Lakini akienda, mganga huchukua sifa, mbuzi huliwa, na yule bibi aliyetajwa hubaki na jina la mchawi maisha yake yote. Hasara ya namna hii nani atailipa?

Njia za kupata nafuu

(1) Usijifungie kitandani. Zamani hata madaktari waliamuru wagonjwa walale siku nyingi. Uchunguzi uliofanywa Helsinki na kutangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiuno walioendelea na shughuli za kawaida, kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu, walipona upesi kuliko waliolazwa siku mbili. Maumivu yakiwa makali mno, lala siku moja au mbili, ukiweka mto au nguo iliyokunjwa chini ya magoti, au baina ya magoti ukilala ubavu. Kisha inuka, utembee kidogo kidogo. Maumivu hayo hayana maana kwamba mgongo unavunjika.

(2) Tembea. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Australia juu ya watu 701 waliokuwa wamepona kiuno karibuni. Baadhi yao walifundishwa kutembea, wakiongeza mwendo polepole hadi kufikia dakika 30, siku tano kwa juma. Nusu yao walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajawarudia. Wale wasiofundishwa, nusu yao yaliwarudia kabla ya siku 112 kupita. Dawa hii haina gharama, na mwenye kwenda msikitini au sokoni kwa miguu tayari ameanza kuitumia.

(3) Joto. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikawekwa kiunoni robo saa, hulegeza misuli. Angalia kisiunguze ngozi, hasa mahali palipo na ganzi.

(4) Mazoezi. Lala chali, kunja magoti, yavute polepole kuelekea kifuani. Kisha nyosha. Halafu, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo ziko chini, inua makalio kidogo, hesabu hadi tano, ushushe. Fanya mara kumi, asubuhi na jioni. Zoezi linaloyasukuma maumivu yazidi kushuka mguuni, liache. Linaloyarudisha juu kuelekea kiunoni, endelea nalo. Katika hospitali kubwa wamo wataalamu wa mazoezi ya viungo ambao wataonyesha mengine yakufaayo.

(5) Dawa za maumivu. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba parasetamoli haiharakishi kupona kwa kiuno. Ibuprofeni na diklofenaki zaweza kupunguza maumivu kwa kiasi. Lakini zitumiwe baada ya chakula, kwa siku chache, na kwa ushauri wa mganga wa zahanati. Kuzimeza miezi na miezi huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Mwenye mimba, mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye vidonda vya tumbo wasizinywe bila kumwuliza daktari.

(6) Hadhari ya sindano. Wengi huamini kwamba bila sindano hakuna tiba. Ajabu ni kwamba mshipa huu mkubwa hupita ndani ya tako, na sindano iliyopigwa mahali pasipo pake huweza kuuharibu, mtu akabaki na mguu unaoburuta. Sindano ya tako, ikiwa ni lazima, hupigwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, katika robo ya juu ya upande wa nje. Ukihisi mshtuko kama wa umeme ukishuka mguuni, sema papo hapo ili sindano iondolewe. Usichomwe sindano dukani wala gulioni.

(7) Kuchua na chuku. Kuchuliwa kwa mikono taratibu huliwaza misuli. Ama kuumikwa kwa chuku, ambako Waarabu huita hijama, ni ada ya tangu zamani, na watu wengi husema wamepata nafuu kwayo. Anayetaka kuitumia ahakikishe kwamba wembe ni mpya na haujamgusa mtu mwingine, maana damu huambukiza UKIMWI na homa ya ini. Lakini kukandamizwa mgongo kwa magoti au kuvutwa mguu kwa nguvu ni hatari.

(8) Kupasuliwa. Wachache huhitaji kisu. Uchunguzi mwingine wa Uholanzi, uliotangazwa mwaka 2007, uliwafuata wagonjwa 283 ambao siatika yao ilikuwa imedumu majuma mengi. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja waliopona katika makundi yote mawili walikuwa sawa, 95 katika kila 100. Hata hivyo, miongoni mwa walioamriwa kungoja, wapatao 39 katika kila 100 walikuja kupasuliwa baadaye. Basi mwenye kuambiwa angoje asikate tamaa, na mwenye kuambiwa apasuliwe asiogope.

Dalili zisizongoja

Ziko hali ambazo kungoja ni kujidhuru. Ukiona mojawapo ya hizi, nenda hospitali, wala usikae kungoja majuma yaliyotajwa juu:

(a) Kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujizuia. Ganzi sehemu za siri na makalioni. Au miguu yote miwili kulegea. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ikicheleweshwa, madhara yake huenda yasirudi.

(b) Homa, kutoka jasho usiku, kukonda, na mgongo kuuma kwa miezi, pengine na kinundu kikitokeza katika uti wa mgongo. Hiyo yaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Kina dawa, na katika vituo vya serikali dawa zake hutolewa bure.

(c) Homa ijayo na kuondoka, viungo na kiuno kuuma, kwa mtu anywaye maziwa mabichi au anayezalisha mifugo. Huenda ikawa brusela, maradhi yatokayo kwa wanyama, ambayo katika nchi ya wafugaji ni ya kukumbukwa daima. Chemsha maziwa.

(d) Kijana aliyezoea kuoga malamboni au mtoni, akaumwa mgongo na miguu ikaanza kulegea. Mayai ya kichocho huweza kuingia katika ugwe wa mgongo. Kijana kama huyu ndiye ambaye watu huwa wepesi kusema amerogwa, hali iko dawa ambayo ikiwahi humwokoa.

(e) Mgongo kuuma baada ya kuanguka au ajali. Au kuuma usiku na mchana bila kutulia kwa mzee, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Njia ni kuanza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ikihitajika, mgonjwa hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kujikinga

Ndoo uliyoikumbatia kifuani ni nyepesi kuliko ile ile uliyoishika kwa mikono iliyonyooshwa mbele. Basi mzigo uwe karibu na mwili, magoti yapinde, na usijipinde kiwiliwili hali umebeba. Ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja ya lita 20 upande mmoja. Mpini wa jembe uwe mrefu kiasi cha kukuwezesha kupalilia bila kujikunja mno. Kila nusu saa simama, jinyoshe nyuma, utembee hatua chache. Na wanaume wasione haya kuteka maji, kwani baiskeli hubeba ndoo bila kuumwa kiuno.

Sala ya mwenye maumivu

Waislamu wapya hutuuliza: Nisiyeweza kusimama wala kurukuu, sala yangu yawaje?

Jibu: Dini haikuletwa kumtesa mja. Bwana Mtume s.a.w. alifundisha kwamba asiyeweza kusali kwa kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa kulala ubavu. Asiyeweza kuinama huashiria kwa kichwa, na ishara ya kusujudu huwa ya chini kuliko ile ya kurukuu. Thawabu yake haipungui kwa udhuru huo. Ama mwenye nafuu, kurukuu na kusujudu polepole ni kuukunjua mwili mara nyingi kwa siku, wala hakuna ubaya.

Na kama Mtume s.a.w. alivyomwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu, vivyo hivyo mgonjwa atumie dawa na aombe dua. Dua bila tiba, wakati tiba ipo, si kutawakali. Na kwenda kwa mpiga ramli ili akutajie adui ni kuipoteza imani na kumdhulumu asiye na hatia, na mguu utakuwa bado unauma.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako au kwa jirani yuko mtu aliyeamka na mguu unaowaka, msomee maelezo haya kabla hajatajwa mtu yeyote. Mtazame dalili zake. Ikiwa moja ya zile tano imo, mpeleke hospitali leo. Ikiwa haimo, mshike mkono mtembee pamoja hadi kwenye mti ulio karibu, na kesho hadi ule unaofuata.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wote, na azihifadhi nyumba zetu na dhuluma. Amin.